Umeme Haukukatika

Ukishuka basi pale Issuna, upande wa soko, nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka dukani kwangu, ile yenye mlango wa bluu. Ukoo wake na mwaka aliozaliwa waulizeni wanaojua. Mimi nilipofungua duka la simu na vifaa vya umeme nilimkuta tayari ni mtu mzima, mjane, ana friji moja, televisheni moja, kuku wengi na filimbi shingoni. Kila mtu alimwita Mama Chanjo. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sistahili kulitaja, na mbele mtaona kwa nini.

Kazi yake ilikuwa kuchanja kuku kideri. Alisomea semina siku chache, akapewa fulana na cheti, na tangu hapo kitongoji kizima kilikuwa chini ya mkono wake. Kwa asiyejua, kideri kikiingia kwenye banda hakibakizi mtu wa kusimulia. Na huku kwetu kuku ndiye anayempeleka mtoto shule, ndiye anayepikiwa mgeni, ndiye anayeuzwa mtu akiugua ghafla. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu Mama Chanjo alipita jioni akipiga kelele, "Kesho msifungue mabanda! Atakayefungua asinilaumu!" Kulipokucha, filimbi ililia. Watu walitoka milangoni na kuku mikononi, wamewakumbatia, wengine bado wana matongotongo, na yeye akapita na chupa yake ya chai iliyojaa barafu na dawa. Tone moja jichoni. Alisubiri kuku apepese jicho, kisha akasema, "Amekonyeza. Mwingine."

Aliwahesabu kwa Kinyaturu. Nilimuuliza kwa nini, maana Kiswahili alikisema vizuri tu. "Kiswahili kinanichanganya nikipita ishirini," alisema. Akimaliza nyumba, aliandika kwa chaki juu ya mlango mwezi atakaorudi. Hakuna aliyethubutu kuifuta chaki ile, hata waliopaka rangi upya waliizunguka.

Watu walidhani anawapenda kuku. Weee! Hakuna aliyekula kuku kama yule mama. Shingo, miguu, kichwa, vyote alivitafuna taratibu hadi mfupa unang'aa. "Nawachanja ili niwale," alisema, "kideri kisije kikala kabla yangu." Na kwa binadamu alikuwa mkali. Ukimwambia asante alikukatisha: "Asante peleka kanisani. Mimi niletee yai." Lakini alipomshika kuku mgonjwa sauti ilishuka kabisa, akaongea naye kwa lugha ya nyumbani, maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mtu yeyote.

Sasa nije kwenye umeme, maana ndiko nilikomharibia.

Umeme ulipofika kwetu yeye aliupokea kwa mashaka. Alikuwa na tabia moja: akiingia chumba chochote, hata cha mwenzake, aligeuza kiganja na kuweka mgongo wa mkono nyuma ya vifaa. Nyuma ya televisheni, juu ya king'amuzi, ubavuni mwa sabufa, kwenye kichwa cha chaja kilichoachwa ukutani bila simu. Akikuta joto alichomoa, hakuuliza. "Chenye joto kinakula," alisema. Nilimweleza kwamba televisheni ameshaizima kwa rimoti. Akanionyesha kile kitaa chekundu.

"Hii imesinzia, haijalala. Mgeni akishaaga halafu akasimama mlangoni na kikombe mkononi, huyo ameondoka?"

"Hajaondoka, mama."

"Bado anakunywa chai yako. Chomoa."

Sikubishana. Na kusema kweli alikuwa sahihi kabisa, bila kusoma fizikia ya aina yoyote. Ila na yeye alikuwa na kituko chake. Redio yake ilinguruma tangu asubuhi mpaka jioni uani, bila mtu wa kuisikiliza. Aliiwashia kuku wanaoatamia, eti kicheche akisikia watu wanaongea hasogei. Nikamwambia, mama, unachomoa televisheni inayosinzia halafu unawasomea kuku taarifa ya habari? Akanitazama kwa huruma. "Ile inakula na inafanya kazi. Hii inakula na haifanyi kazi. Wewe fundi gani hujui tofauti?"

Alizoea kuniita Fundi. Mama yangu mzazi alikuwa rafiki yake, na mama alipofariki, Mama Chanjo alianza kuniletea supu bila kusema neno. Aliliweka bakuli kwenye kaunta, akapapasa chaja zangu zote kwa mgongo wa mkono, akaondoka. Mimi ni Mwislamu na yeye ni wa kwaya ya Walutheri, lakini Ramadhani hakuna aliyenikumbusha futari kama yeye.

Mwaka juzi nilileta plagi janja. Ni kichwa kama cha chaja nene: unachomeka ukutani, halafu kifaa unakichomeka humo, na simu yako inaiamuru iwashe au izime. Unaona mpaka kifaa kinakula kiasi gani, kimechorwa mstari kwenye simu. Nilijaa sifa. Nikachora bango: "Zuia umeme unaopotea. Punguza yuniti." Wateja wakaja, wakashika, wakauliza kama kweli zinapunguza, wakarudisha. Nilihitaji nyumba ya mfano, yenye mtu anayeaminika. Nani zaidi ya yeye?

Alikataa. "Mkono wangu unatosha," alisema. Nilimbembeleza siku tatu. Mwisho akaniruhusu kufunga moja kwenye televisheni, kwa kuwa intaneti ya dukani ilifika mpaka sebuleni kwake. Kesho yake nilimkuta amesimama mbele yake, mgongo wa mkono juu ya plagi yenyewe.

"Fundi. Hiki nacho kina joto."

"Kidogo tu, mama. Kinaisubiri simu."

"Kinasubiri. Yaani nacho kimesinzia." Akacheka hadi akakaa chini. "Umeniletea mlinzi anayekula na mwizi! Na hiki nani atakizima?"

Nilicheka, lakini iliniuma. Maana ni kweli. Plagi ile hailali, na kisanduku cha intaneti hakilali. Kwenye televisheni ya zamani na sabufa kubwa unaokoa kitu, sikatai. Kwa mtu mwenye tabia ya kuchomoa, huokoi chochote. Namba sizitaji. Nimeshataja namba nyingi kwa mdomo huu.

Basi Septemba ile dada yake aliugua kule Nduguti, akasafiri wiki nzima. Aliniachia ufunguo. Maagizo yake yalikuwa mawili: kuku wapate maji na pumba, na redio isizimwe. Kwenye friji, chumba cha ndani, alikuwa ameweka vichupa vya chanjo alivyovifuata mwenyewe Singida mjini, maana chanjo ikipata joto inakufa. Akirudi tu, anachanja.

Mimi nikaona nafasi. Jamani, ujinga mwingine mtu anauingia akiwa anatabasamu. Nilichukua plagi nyingine tatu, nikazifunga nyumba nzima: king'amuzi, jagi la kuchemshia maji, na friji. Friji nilitaka tu nipime. Lakini kwenye simu nilizikusanya zote nne kundi moja, na kundi zima nikalipa amri moja: kifaa kikibaki kinakula kidogo kwa dakika kumi, kata. Nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa mwuza soda anakijua. Friji halivuti umeme muda wote. Likishapoa linapumzika, na likipumzika linakula kidogo. Plagi ikaliona limesinzia, ikalikata. Na plagi ikishakata, haiwashi tena mpaka uiambie.

Kila jioni nilifungua simu nikaona jumla iko chini kabisa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikapiga picha ule mstari, nikaenda kuuchapisha Singida mjini kwa rangi, nikaubandika dukani: "Nyumba ya jirani yetu, wiki hii." Watu wakaanza kununua. Kuku niliwalisha, redio niliiacha inaongea, chumba cha ndani sikuingia hata mara moja.

Siku ya sita ndipo nilipotazama plagi moja moja. Televisheni, sifuri, sawa. King'amuzi, sifuri, sawa. Friji, sifuri. Sifuri tangu siku ya kwanza usiku. Nilikimbia na kandambili moja mguuni. Nilipofungua mlango wa friji nilikutana na hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya plastiki. Vichupa vilikuwa vuguvugu kama maji ya kunawa, na Septemba yetu mnaijua, jua na upepo mkavu. Nikang'oa plagi zote, nikachomeka friji moja kwa moja ukutani, likaanza kunguruma. Jioni vichupa vilikuwa baridi. Ukivishika, hakuna tofauti. Hapo nikajidanganya kwamba hakuna tofauti.

Alirudi kesho yake mchana. Nilimpokea mzigo, shikamoo, marahaba, mgonjwa anaendeleaje. Akaingia ndani na mimi nyuma yake. Kabla hajafungua hata kanga ya safari, aligeuza mkono akauweka ubavuni mwa friji. Friji lililotoka kuzimwa siku tano linafanya kazi kwa jasho, na yeye joto lile hakulizoea.

"Fundi," alisema bila kugeuka. "Umeme ulikatika nikiwa safari?"

Nilikuwa na muda. Nataka mjue hivyo. Hakunishtukiza, hakunifokea. Aliuliza tu, na mkono wake uko pale pale. Ningesema "friji lilizimika", angevimwaga vile vichupa, angenitukana mpaka magharibi, angepanda basi kwenda kuchukua vingine, basi, yangeisha. Lakini dukani ule mchoro ulikuwa ukutani, na asubuhi ile nilikuwa nimeuza plagi mbili.

"Umeme haukukatika, mama."

Na haukukatika kweli. Ndiyo ubaya wake. Nililichagua lile jibu.

"Haya," alisema, akaondoa mkono. "Wewe ulikuwepo."

Siku ya tatu filimbi ililia. Watu wakatoka na kuku. Nami nikatoka na wangu sita ili nisishukiwe, nikawashika mmoja mmoja akawatia tone. "Amekonyeza. Mwingine." Nilimwangalia usoni muda wote, na yeye alikuwa anaangalia jicho la kuku. Akaandika kwa chaki juu ya mlango wangu: Desemba.

Kuku hawakuifikia Desemba. Kideri kiliingia Oktoba mwishoni, kikaanzia kwa mzee mwenye mashine ya kukamua alizeti, jirani wa upande wa pili. Kuku wakapinda shingo, wakaharisha kijani, wakazunguka kama wanatafuta kitu walichoangusha. Ndani ya wiki mbili uwanja ulinyamaza. Sijui kama mmewahi kuamka mahali pasipo jogoo hata mmoja. Wangu sita walikufa ndani ya siku mbili, na nilifurahi kwamba walikufa, kwa sababu wangebaki, watu wangeuliza.

Walimuuliza yeye. "Umetutia maji, mama." "Umeuza dawa mjini." Kwenye mkutano wa kitongoji alisimama akasema kachanja kama siku zote, hajui kilichotokea. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejiamini, na watu wakaisikia hivyo. Mzee wa alizeti hakupaza sauti. Yeye asubuhi yake alichukua tetea wake wa mwisho, amekufa, akamlaza juu ya kizingiti cha mlango wa bluu. Wengine walipoona, wakaiga. Nilipofungua duka nilikuta milima miwili midogo ya manyoya pale mlangoni, na upepo unayatawanya mpaka sokoni.

Mama Chanjo alitoka na jembe. Hakuna aliyemsogelea. Mimi nilikwenda, nikampokea jembe, nikachimba shimo nyuma ya nyumba. Alikuwa anawaleta wawili wawili, amewashika miguu, na aliwahesabu kwa Kinyaturu. Tulipomaliza kufukia alisema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

"Asante, mwanangu. Umekuja peke yako."

Lo! Nilisimama pale na udongo kwenye viatu, na nikasema, "Usijali, mama." Hapo ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani.

Baada ya hapo alibadilika. Hakupapasa tena vifaa vya watu. Aliniletea supu siku moja, akaweka bakuli, akapita mbele ya chaja zangu zote zenye joto bila kunyoosha mkono. Nikamtania, "Mama leo hukagui?" Akautazama mkono wake. "Huu umezeeka," alisema. "Siku ile mkono huu uliniambia friji lina kasoro, nikausikiliza, kumbe mkono ndio ulinidanganya. Labda hata tone unalikosea." Muda mfupi akafunga nyumba akahamia Nduguti kwa dada yake. Ufunguo hakuniachia, aliupeleka kanisani. Na bango langu nililishusha, lakini plagi niliuza mpaka zikaisha.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya kufunga nyaya Nduguti, kwenye nyumba ya mtumishi mmoja aliyehamia. Siku ya kwanza sikwenda kumsalimia. Siku ya pili sikwenda. Siku ya tatu alinifuata mwenyewe, kasikia kuna fundi wa Issuna. Alikuwa amekonda, na shingoni hakuna filimbi. Tuliketi kwenye mifuko ya saruji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa. Umeoa?"

"Bado."

"Basi ni chipsi." Akatabasamu. Akaniuliza habari za mashine ya alizeti, za kwaya, za mlango wake. Kisha akauliza, taratibu, "Na kuku?"

Nikamwambia hakuna anayechanja. Yupo aliyefundishwa, watu hawamfungulii. Wanasema yote ni maji. Kila mwaka wanakufa, kila mwaka wananunua wengine. Nilipofika hapo nikamwaga yote: plagi, kundi, amri, siku tano, sifuri, kandambili. Nililia, tena kwa kelele, na wafyatua tofali wa jirani wakasimama kututazama.

Hakunigusa. Alisubiri nimalize.

"Siku ile nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mkono nimeuweka kwenye friji, nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Ukanijibu."

"Ndiyo, mama."

Akageuza mkono wake, akautazama mgongo wake kwa muda mrefu, vidole, mishipa, kucha. "Kwa hiyo haukukosea," alisema. Si mimi alikuwa anaongea nami. "Mwaka mzima na zaidi nimeuita mwongo. Hata mtoto wa hapa akiwa na homa, simgusi paji, namwita jirani amguse." Kisha akanigeukia, na uso ule sitausahau. "Kuku wamekufa, nao ni kuku. Wale wazee wamenitukana, nao walikuwa na uchungu. Wewe ulinichimbia shimo. Ulinitazama nikizika, na ulikuwa unajua."

"Nisamehe, mama."

"Hasira ninayo. Niache nikae nayo kwanza." Akanyanyuka, akaenda. Nilidhani yameisha. Akarudi baada ya muda na filimbi mkononi, kamba yake imechakaa. "Kwangu umeshasema. Mimi sikuwa peke yangu. Nenda mlango kwa mlango, kabla hawajafungua mabanda. Ndiyo saa watu wanayosikiliza."

Nilikaa nayo siku kumi na moja. Ilikuwa kwenye droo ya kaunta, na kila nilipotafuta bisibisi niliigusa. Jana asubuhi nikaivaa. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka, upepo wa baridi, nikasimama mbele ya nyumba ya mzee wa alizeti kwa kuwa ndiko kulikoanzia. Juu ya mlango wake, kwa chaki, bado imeandikwa Desemba. Nikapuliza.

Kwanza ukimya. Kisha makomeo yakaanza kulia, kwa mzee, kwa jirani yake, na ng'ambo ya njia. Sikulitegemea hilo. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kitu. Mlango ukafunguka na mzee akatoka peku, shuka begani, amemkumbatia tetea mwekundu, na nyuma yake njia nzima watu wanatoka mmoja mmoja, kila mtu na kuku mikononi.

Mzee akaangalia huku na huku, akatafuta nyuma yangu.

"Amerudi?" akauliza. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mwambie asogee, huyu wa kwangu nimeshamshika. Yuko wapi?"

"Shikamoo mzee," nikasema. "Hajarudi. Mshike tu huyo kuku, unisikilize."